Kazi ya mkono ya siku njema na ya siku mbaya

Watu wengi huacha kufuma na kushona wakati uleule ambao kazi hizo zingewafaa zaidi. Msiba ukiingia, au maradhi, au hata furaha yenye pilikapilika kama mtoto mchanga, kapu la nyuzi linasukumwa chini ya kitanda na haliguswi tena. Ukiwauliza watakwambia hawana muda. Mimi naona kisa si muda. Kazi waliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya siku za aina nyingine. Sweta lenye mapambo ya kusukana, linalotaka uhesabu kila safu, ni tamu kwa mtu aliyelala vizuri. Mpe mtu huyohuyo sweta hilo akiwa na mgonjwa ndani, atalichukia lenyewe na sindano zake.

Kwa hiyo usiwe na kazi moja. Uwe nazo mbili angalau, moja ya kichwa na moja ya vidole. Kazi ya kichwa ni ile yenye karatasi ya maelekezo, ambayo mtu akikusemesha unamnyooshea kidole asubiri umalize kuhesabu. Kazi ya vidole ni ile ambayo ukiitwa katikati ya safu unaiweka chini, unakwenda, unarudi, unaendelea bila kujiuliza uliishia wapi. Kabla ya kukaa, jipime hali yako, kisha uchukue ile unayoiweza. Kujilazimisha na ngumu siku ambayo akili haipo ni kuharibu uzi bure.

Mraba usiotaka hesabu

Kazi yangu ya vidole ni mraba unaofumwa kutoka kona hadi kona. Mume wangu alipokuwa akiugua nilifuma mingi sana kwenye mabenchi ya kusubiria. Uzuri wake ni kwamba kila safu ni sawa na iliyoitangulia, na mbele na nyuma hakuna tofauti.

Chukua uzi wa pamba wa unene wa kati na sindano za milimita 4 au 4.5. Anzisha vitanzi 4, fuma safu moja ya kawaida. Baada ya hapo kila safu ni hivi: fuma vitanzi viwili, zungusha uzi juu ya sindano mara moja, fuma vyote vilivyobaki mpaka mwisho. Basi. Kule kuzungusha uzi kunaongeza kitanzi kimoja na kuacha tundu dogo pembeni, na matundu hayo yakijipanga yanakuwa pambo. Ukifika vitanzi 45 au karibu na hapo, geuza mwendo: fuma kimoja, fuma viwili kwa pamoja, zungusha uzi, fuma viwili kwa pamoja tena, kisha endelea kawaida hadi mwisho wa safu. Sasa kila safu inapungua kitanzi kimoja. Vikibaki 4, funga, kata uzi, ficha ncha yake ndani kwa sindano ya kushonea. Umepata kitambaa cha kuoshea uso au kufutia vyombo. Miraba 20 ikiungwa, 4 kwa 5, ni blanketi la kufunika magoti. Kwa hiyo hata siku ambayo hukufanya lolote jingine, kuna kitu kimeongezeka kwenye rundo.

Uzi uwe wa rangi nyepesi. Weusi ni wa kufuma mchana, tena karibu na dirisha. Ukilazimika kuufuma usiku, tandaza kitambaa cheupe mapajani, vitanzi vitajitenga na giza. Kwenye chumba cha mgonjwa sindano za mbao au mianzi ni bora kuliko za chuma, kwa sababu hazilii na zikidondoka haziamshi mtu. Zile mbili zilizounganishwa kwa waya laini ni bora zaidi, hazidondoki kabisa, na hazimchomi aliyekaa ubavuni mwako.

Jambo jingine utaliona mwenyewe: ukiwa na wasiwasi mkono unakaza. Mraba niliofuma siku tuliyosubiri majibu ya vipimo ulitoka mdogo kuliko mwenzake kwa upana wa kidole, uzi uleule, sindano zilezile. Hakuna haja ya kugombana na mkono. Panda sindano kwa nusu milimita, uendelee. Soksi na sweta zinazotaka kipimo kamili ziache kwanza.

Kuilinda kazi ya kichwa

Ile ngumu usiitelekeze tu, iwekee ulinzi kabla mambo hayajachafuka. Kila baada ya safu 10, tia uzi mwembamba wa rangi tofauti kwenye sindano butu, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ya kufumia, halafu uendelee kufuma kana kwamba haupo. Siku ukikuta mambo yameharibika, unafumua mpaka kwenye uzi huo na vitanzi vyote vinakungoja hapo vimesimama. Kisha andika kikaratasi: sindano ni ya ukubwa gani, umefika safu ya ngapi, kinachofuata ni nini. Kibane kwa pini kwenye kazi yenyewe, usikitie mkobani wala kwenye simu. Kiandike kama unamwandikia mgeni, kwa kuwa miezi ikipita wewe ndiye utakuwa mgeni wake.

Ukijua hutairudia kazi hiyo karibuni, itoe kwenye sindano. Vitanzi vihamishie kwenye uzi, ufunge ncha zake. Sindano iliyokaa muda mrefu ndani ya kazi huacha alama, na ya chuma yaweza kuacha kutu. Kama ni sufu, hakikisha ni safi kabla ya kuifunga mfukoni, maana nondo hutaga humo na viwavi vyake vikatoboa, na sufu yenye jasho na uchafu ndiyo wanayoifuata zaidi. Pamba hawana haja nayo.

Mashati ya aliyeondoka

Baada ya mazishi ya mume wangu, wifi yangu alifungua kabati, akasimama. “Wifi, haya mashati tuyafanyeje? Kuyatupa siwezi, na kuyaona mtu kayavaa njiani siwezi.” Nikamwambia tutayakata tushone blanketi. Akanitazama kama niliyerukwa na akili, lakini mkasi alikwenda kuuleta yeye.

Jambo hili hatukulianzisha sisi. Huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, mwaka 1942, Missouri Pettway alizichukua nguo za kazi za mumewe aliyefariki akashona blanketi la viraka, na blanketi hilo likaja kuonyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa. Ni nguo za shambani zilizochakaa. Nakutajia ili usije ukadhani kwamba kitambaa lazima kiwe kizuri.

Kwanza, usikate siku ambayo hujawa tayari. Nguo zaweza kungoja. Chagua moja uiweke bila kufua ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kwa ajili ya harufu, na hiyo usiikate kabisa. Zilizobaki zifue, zikauke, zipigwe pasi. Kisha pitisha mkasi pembezoni mwa mishono, mikono ya shati ibaki peke yake, mgongo peke yake, vifua viwili peke yake. Mgongo ndio wenye kitambaa kingi. Shati la mtu mzima laweza kukupa viraka 6 mpaka 9 hapo mgongoni tu.

Kata karatasi ngumu yenye mraba wa sentimita 16 kila upande. Iweke juu ya kitambaa, chora kwa chaki, kata. Ukishona ukiacha nusu sentimita kila ukingo, kiraka kinabaki 15, na viraka 48 vilivyopangwa 6 kwa 8 vinakupa blanketi la sentimita 90 kwa 120. Fulana zinazovutika zinasumbua. Kabla ya kuzikata, zigandishie kwa pasi, upande wa nyuma, kile kitambaa chepesi chenye gundi ambacho mafundi hukitia kwenye kola. Mfuko wa kifuani usiung'oe, wala mstari wa vifungo. Panga karatasi yako juu yake ili mfuko uangukie katikati ya kiraka. Kona ya mfuko mmoja wa mume wangu ina doa la wino wa kalamu, na doa hilo liko kwenye blanketi mpaka leo. Watoto wakijifunika, mkono huingia kwanza kwenye mfuko huo.

Panga viraka vyote sakafuni kabla ya kushona hata kimoja. Hii ni sehemu ya kufanya na mtu mwingine, kwa kuwa mnabishana rangi ipi ikae wapi na hadithi zinatoka zenyewe. Mkikubaliana, kusanya kila mstari na kuutia namba kwa kipande cha karatasi. Shona mistari kwanza, kisha unganisha mstari na mstari. Mishono ya mstari wa kwanza ilazwe kwa pasi kuelekea kulia, ya pili kushoto, hivyohivyo hadi mwisho. Ukikutanisha mistari hiyo viungo vinakaa vizuri bila kufanya nundu.

Sasa tandaza kitambaa cha chini, upande mzuri ukitazama sakafu, pamba ya kujazia juu yake, na viraka juu kabisa. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kutoka katikati kwenda kingoni, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja, ili tabaka zote tatu zisihame. Wengi hapa hutaka kushona blanketi zima kwa mkono, mishono midogo midogo kila mahali. Ni kazi nzuri, kwa mwenye nguvu hizo. Aliyechoka na afunge mafundo: chukua uzi mnene wa pamba, ushushe sindano kwenye kona ambapo viraka vinne vinakutana, uipandishe tena kandokando ya hapo, funga fundo mara mbili, kata ukiacha vimkia vya sentimita mbili. Fanya hivyo kila kona. Angalia kwanza maelezo ya pamba yako, kwani kuna aina zinazotaka mafundo yakaribiane zaidi ya sentimita 15. Vaa kastabini, kile kikofia cha kidole, kwa sababu kupenya tabaka tatu kutakuchosha kidole kabla ya kufika nusu. Mwisho zungushia pindo, kisha fumua bandi.

Siku za mtoto, na siku za ukata

Mtoto akitarajiwa kila mtu hukimbilia blanketi la matundu matundu, na ndilo silipendi. Vidole vidogo hunasa humo. Fuma kwa kubana, uzi unaofulika kirahisi, na usitie vifungo wala vishada vya kung'oka. Mwambie pia mama mtu kwamba blanketi ni la kumtandikia mtoto acheze huku anaangaliwa, au la kumfunika akiwa amepakatwa. Chini ya mwaka mmoja mtoto hapaswi kuachwa usingizini na blanketi lisilobanwa.

Fedha ikikata, fumua. Sweta kuukuu ni uzi tayari, ila ligeuze kwanza utazame mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa mshono wa cherehani, liache, utapata vipande vifupi tu. Ukiona kingo nzima zilizounganishwa kama mnyororo, hilo linafumuka kwa uzi mrefu. Anzia shingoni kushuka. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, uoshe kwa maji ya vuguvugu bila kuusugua, utundike ukining'inizwa kitu chepesi chini. Ule msokoto wake utanyooka. Kama ni sufu, maji ya moto pamoja na kusugua vitaigandisha iwe kama kipande cha jamvi, na hapo hakuna dawa.

Ukirudi baada ya kimya kirefu

Usianze na ile ya zamani siku ya kwanza. Fuma mraba mmoja, mkono ukumbuke. Kama viungo vinauma, simama kila baada ya nusu saa, kunja na kunjua vidole, na upendelee sufu kuliko pamba, kwani sufu ina mnyumbuliko na haikulazimishi kuvuta. Kisha ndipo utoe kazi ya kichwa, usome kikaratasi chako, ufume safu chache na kuzilinganisha na za chini yake. Ikiwa mkono umebadilika utaona mstari pale ulipoishia. Badili sindano, au fumua mpaka kwenye uzi wa ulinzi ujaribu tena.

Na kama kazi yenyewe huitaki tena, huna deni nayo. Mpe mwenye hamu ya kuimalizia, pamoja na kikaratasi na sindano zake, au ifumue yote. Sweta nililokuwa nimemwanzia mume wangu nililifumua. Uzi wake nimefumia soksi za wajukuu, na donge lililobaki wifi ameshaliulizia mara kadhaa. Ukifumua kitu kikubwa namna hiyo, usikimbilie kukianzisha upya jioni ileile. Osha uzi, uache ukauke kabisa, upime kwa mzani umebaki gramu ngapi, ndipo uchague cha kufuma.