Bonyeza mara moja, upate picha tisa: kujipiga kwa taima bila kukimbiakimbia

Nashona madera Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, na madera yenyewe nayavaa mimi, nayapiga picha mimi, nayauza mimi. Mpiga picha wa kumlipa kila nikipata mzigo mpya wa vitambaa simwezi, na mdogo wangu nikimwomba anipigie huniletea picha zisizo na kichwa. Basi alasiri napanda juu ya nyumba na kamera, natega taima, ile saa ya kamera inayongoja kidogo kabla ya kupiga, najipiga.

Mwanzo nilikuwa nikipiga mojamoja. Bonyeza, kimbia, simama, kamera ikalia, rudi utazame: macho umefumba. Bonyeza tena, kimbia tena. Dera moja lilikuwa likinila saa nzima, na jasho likinishukia na wanja wote. Kumbe kamera ileile ilikuwa na mpangilio wa kupiga kadhaa mfululizo. Niliuona siku umeme umepotea, cherehani imelala, nikawa nafunguafungua menyu kwa kukosa la kufanya.

Yangu ni Nikon D5300, nimeinunua ikiwa imeshatumika. Ingia kwenye menyu yenye alama ya kalamu, shuka hadi kundi la herufi c, utaona maneno "Self-timer". Ndani yake kuna maswali mawili: ingoje sekunde ngapi (2, 5, 10 au 20), na ipige picha ngapi (1 hadi 9). Mimi nimeweka 20 na 9. Sekunde 10 zinatosha mtu wa suruali; mwenye dera la kuburura ajipe 20 asije akajikwaa. Ukitoka kwenye menyu bado hujamaliza. Nenda pale pa kuchagua namna ya kupiga uweke alama ya saa, la sivyo itapiga papo hapo umeiinamia. Picha za pua yangu ninazo nyingi. Na kila unapoanza upya hakikisha alama hiyo ingali pale, maana kuna kamera ukizizima hujirudisha kwenye picha mojamoja.

Mwenye Canon atafute alama ya saa iliyoandikwa C pembeni: kwa nyingi utachagua picha 2 hadi 10, nayo hungoja sekunde 10 kabla ya kuanza. Sony nyingi hukupa picha 3 au 5.

Lakini jambo ambalo vitabu vya maelezo hulipita kwa mstari mmoja, na mimi ndilo ninalolifanyia kazi, ni nafasi iliyopo kati ya picha na picha. Kwa kamera yangu ni kama sekunde 4. Usizidharau. Zinatosha kuzunguka mara moja, kitambaa kikapeperuka, kikashuka, ukatulia. Taa ya mbele humetameta wakati wa kungoja. Zikibaki sekunde 2 inaacha kumeta na mlio unaenda mbio. Hapo nashusha mabega. Picha ya kwanza ikishalia naanza kuhesabu kwa sauti: moja, geuka, mbili, mkono juu, tatu, pumua, nne, tulia. Picha ya kwanza na ya pili huwa nimesimama kama mtu wa kitambulisho. Ya tatu nacheka kwa kujionea haya. Kuanzia ya tano nimeshaisahau kamera, nashughulika na hesabu zangu, na madera mengi niliyouza yameuzwa na picha ya sita au ya saba. Ndiyo maana sipigi tatu tatu hata nikiwa na haraka.

Kuna kamera zinazopiga upesi upesi bila kukupa mwanya wa kubadili mkao. Kuijua yako, fungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, isimamishe mbele ya lenzi, piga mfululizo mzima. Kisha soma namba picha baada ya picha. Dakika mbili tu, na hutapiga tena kwa kubahatisha.

Fokasi, yaani kuilenga lenzi ili picha itoke wazi, ndiyo iliyonisumbua zaidi. Unapobonyeza wewe uko nyuma ya kamera, kwa hivyo pale utakaposimama hapana mtu. Kamera inashika ukuta wa jirani, nawe unatoka ukungu. Au inakosa cha kushika, na taima haianzi kabisa, umesimama unatabasamu bure. Dawa yangu ni ufagio wa mpini mrefu. Nauvisha leso, nauegemeza kitini pale pale pangu, nauwekea alama ya chaki sakafuni. Naishikisha kamera fokasi kwenye maandishi ya leso, kisha naisukuma swichi ya lenzi kutoka A (inajilenga yenyewe) kwenda M (unailenga kwa mkono) ili isihangaike tena kutafuta. Ufagio unatoka, mimi naingia nikanyage chaki. Kwa upenyo, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, naweka f/8, tundu dogo, hatua moja mbele au nyuma isiniharibie. Na kama kamera ina kitundu cha kuchungulia, kifunike kwa kitambaa ukiondoka, mwanga wa nyuma usiingie ukaidanganya katika kupima.

Kuhusu jua, mchana wa Mombasa hukutia mashimo meusi machoni. Piga kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili kasoro. Kusi ukivuma, ning'iniza jerikeni ya lita 5 yenye maji chini ya stendi ya kamera. Yangu ilishaanguka mara moja, ikaokolewa na rundo la nguo. Ukiitoa kamera chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba kama nusu saa, la sivyo lenzi itapata ukungu na utaifuta mpaka uchoke.

Flashi nayo ina kisa chake. Idi iliyopita tulikuwa watu kumi na wanne sebuleni, biriani imeshaliwa, kila mtu na nguo yake mpya. Nikatega picha 9, nikakimbia nikajibana kando ya shangazi. Flashi ikajiinua yenyewe, ikamulika mara moja, kisha kimya. Tukaganda. Mjomba anauliza kwa pembe ya mdomo, "Bado?" Mtoto akaanza kulia. Kamera yangu, flashi ikiwaka, hupiga picha moja tu hata uwe umeiagiza tisa. Nikaizima flashi, nikawatoa wote uani, nikapandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 800, tukaendelea.

Kundi kama hilo lahitaji picha ngapi? Kuna watu waliokaa wakaipigia hesabu: Nic Svenson na Piers Barnes wa shirika la utafiti la CSIRO, Australia, na mwaka 2006 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati, ile ya utafiti unaochekesha kwanza halafu ukakufikirisha. Kanuni yao ni kwamba mkiwa chini ya 20, gawanya idadi ya watu kwa 3 kukiwa na mwanga mzuri, au kwa 2 mwanga ukiwa hafifu, ndipo utarajie walau moja ambayo hakuna aliyefumba macho. Sisi kumi na wanne, basi 5 uani au 7 sebuleni. Nyanya yangu hayumo katika hesabu hiyo. Yeye hufumba kusudi.

La mwisho ni la wanaopenda kupiga vichochoroni, kwenye milango ya nakshi. Taima haichagui nani apite. Wiki iliyopita nimetega barazani, picha ya nne ikamnasa jirani akikata kona na sinia ya kaimati, buibui limepeperuka. Wengi wetu hapa hatupendi kupigwa hivyo, na kujitetea kwamba kamera ilijipiga si jibu. Nilimwita, nikamwonyesha, nikaifuta akitazama. Akataka kuona na zilizobaki. Kwenye ya sita akasimama, akaikuza kwa vidole, kumbe kioo hicho si cha kugusa. Dera lile la kijani amelichukua yeye, nami bado nadaiwa kumpunguzia pindo.