Gamu baikromati: weupe ukishika rangi, angalia karatasi kwanza

Gamu baikromati ni njia ya zamani ya kuchapa picha: unapaka karatasi mchanganyiko wa gamu ya mti, rangi ya maji na daikromati (ndiyo hiyo baikromati, chumvi inayofanya gamu ikaze ikipata mwanga), palipopata mwanga panakaza, pengine panaoshwa na maji. Mtu anaprinti gamu mara ya kwanza, mawingu yanatoka machafu, buluu imeng'ang'ania palipotakiwa kubaki peupe, basi anailaumu negativu. Mara nyingi shida ni karatasi, imeshakunywa rangi kabla mwanga haujaigusa. Pima hivi: paka mchanganyiko huo kwenye kipande cha karatasi, kikauke gizani, usikipige mwanga kabisa, tumbukiza kwenye maji. Kikirudi cheupe uko sawa, kikibaki na doa karatasi haijazibwa vya kutosha.

Kuziba sasa, yaani kufunga vitundu vya karatasi isinywe rangi. Chukua karatasi ya rangi za maji, ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, iloweke kwanza maji ya moto nusu saa uikaushe, maana itasinyaa tu na bora isinyae mapema kuliko mkono wa pili wa rangi (tabaka la pili) ukakataa kulingana na wa kwanza. Jelatini gramu 30 kwa lita, iache kwenye maji baridi ivimbe dakika 20 hivi, halafu pasha taratibu mpaka digrii 50, usichemshe. Zamisha karatasi dakika mbili tatu, ivute kwenye ukingo wa trei ziada itoke, itundike kwa vibanio. Jelatini tupu haidumu, lazima uikaze kwa dawa, glaioksali au fomalini, na hapo toka nje penye upepo uvae glavu, halafu suuza vizuri maana glaioksali ikibaki karatasi inageuka njano baadaye. Ila usipitilize!! Mimi nilishapaka jelatini mara tatu nikijiona fundi, picha yote ikabanduka kwenye trei kama maganda ya kitunguu.

Toni je, yaani ngazi za giza na mwanga kwenye picha? Mkono mmoja wa gamu hauwezi kubeba giza zito na mwanga laini pamoja, hata ufanyeje. Kina Heinrich Kühn, wapiga picha wa Austria, walishalijua hilo tangu miaka ya 1890, wakawa wanarudia mikono. Mkono wa kwanza rangi kidogo, mwanga mrefu, huo unashika sehemu angavu. Wa mwisho rangi nyingi, mwanga mfupi, huo wa giza tu. Katikati weka mmoja au miwili ya kuunganisha. Anza na gamu na daikromati nusu kwa nusu. Ukipunguza nguvu ya daikromati kontrasti (tofauti ya giza na mwanga) inapanda na mwanga unachukua muda, ukiongeza picha inawahi na kulainika. Hiyo daikromati inasababisha saratani, kwahiyo glavu muda wote na usivute unga wake, wala usiimwage kwenye sinki ya jikoni.

Kuosha ni maji ya kawaida, picha ikitazama chini, nusu saa mpaka saa nzima, bila kusugua. Na kwa sisi wa pwani, joto na unyevu vinaikaza gamu hata gizani, kwahiyo ukipaka asubuhi piga mwanga asubuhi hiyohiyo, ya jana itupe tu.