Kupanda Mungomi kwa Miguu: Michoro ya Miambani ya Kolo, Kondoa

Wanaotoka Dodoma kwenda kuona michoro ya Kondoa huhesabu kilomita, wakasahau kuhesabu jua na mto. Kutoka ofisi ya mambo ya kale pale Kolo hadi chini ya kilima cha Mungomi ni kama kilomita tisa upande wa mashariki, umbali usiomtisha mtu aliyezoea kutembea. Ila ukianza safari hiyo saa nne asubuhi, utaufikia mpando saa sita na nusu, nusu ya maji imeshanyweka na macho yamechoshwa na mng'ao wa mchanga. Ukifika juu utaona madoa mekundu tu, useme umedanganywa. Kwa hiyo saa ya kuanza ndiyo inayoamua kila kitu, na maelezo mengi hapa chini yanalenga uanze mapema.

Kufika Kolo

Kolo iko kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, kama kilomita 180 kutoka Dodoma, ukishaipita Kondoa mjini. Ni lami mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo usipande basi la alfajiri Dodoma ukidhani utawahi: mpaka ushuke Kolo, ujiandikishe na umpate mwongozaji, asubuhi imekwisha. Lala gesti Kondoa mjini, uondoke na gari la kwanza au bodaboda saa kumi na mbili. Mwenye hema aulize ofisini kuhusu kupiga kambi kando ya mto, jirani na njia ya kwendea kilimani. Huko utaanza kutembea kabla jua halijachoma.

Fedha toa Kondoa, tena noti ndogo ndogo. Kolo ni kijiji. Mtu mwenye noti ya elfu kumi atasubirishwa chenji.

Msimu

Mvua za Kondoa huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Juni na Julai asubuhi kuna baridi na upepo, chukua sweta. Septemba na Oktoba joto ni kali, lakini majani yamepukutika na njia inaonekana vizuri. Mei inadanganya: mvua zimekwisha, lakini nyasi zinafika kiunoni, kupe ni wengi, na mto unaweza kuwa bado una maji.

Vya kubeba

Maji lita tatu kwa kila mtu mwezi Julai, lita nne Oktoba. Usitegemee kujaza njiani. Weka pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Anayepata kichwa kuuma wakati wa kurudi mara nyingi amepoteza chumvi, na maji matupu hayatamtosha. Chakula kisichohitaji moto: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. Vaa suruali ndefu, soksi ndefu na raba yenye meno. Kandambili ziache gesti, maana mchanga unachoma na miba ya migunga inatoboa soli laini.

Kofia iwe na ukingo mpana mbele. Asubuhi unatembea kuelekea mashariki, alasiri unarudi kuelekea magharibi, kwa hiyo jua liko usoni kwenda na kurudi. Beba mwavuli mdogo pia, kazi yake utaiona juu. Darubini kama unayo. Manukato na mafuta ya kunukia usipake siku hiyo, kwa sababu ya nyuki.

Ofisini

Michoro hii imelindwa na serikali tangu 1937, na mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hapaendwi kiholela. Jiandikishe, lipa kiingilio, chukua stakabadhi, upewe mwongozaji. Hata anayeijua njia anamhitaji, kwa sababu kwenye kilima chenye vichaka na mawe yanayofanana unaweza kupita hatua kumi kutoka kwenye michoro usiione.

Kabla hamjaondoka, muulize mwongozaji mambo matatu. Mto umejaa maji? Kilimani leo kuna tambiko? Nyuki wako upande gani? Jibu lolote kati ya hayo linaweza kubadili njia yenu au siku yenyewe.

Habari ya tambiko ichukuliwe kwa uzito. Mungomi, ambayo kwenye orodha ya watafiti inaitwa Kolo B1, ni mahali pa ibada mpaka leo. Wenyeji hupanda kuomba mvua, uponyaji na mengine yao. Mkikuta wazee wako juu, kaeni chini mbali kidogo, msubiri kuitwa. Shikamoo kwanza, maelezo baadaye, na simu ibaki mfukoni mpaka mzee mwenyewe aruhusu.

Kilomita tisa

Njia inapita kwenye mashamba, kisha mchanga, kisha makorongo. Makorongo hayo yana historia. Vilima vya Irangi, yaani hivi vya Kondoa, vililiwa vibaya na mmomonyoko, hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi ili majani na miti virudi. Udongo uliobebwa na maji miaka hiyo ndio umejaza mabonde, na ndiyo sababu mito ya huku ni mipana, ya mchanga, isiyo na kina.

Kwa mtembeaji hilo lina maana mbili. Kwanza, usitembee kwenye ukingo wa korongo. Kwa juu unaonekana mgumu, lakini chini maji yameshauchimba; kaa hatua tatu ndani, na watoto wawe upande wa shambani. Pili, mchanga unakula muda. Kwenye njia ngumu utakwenda kilomita nne kwa saa. Kwenye mchanga mkavu hata tatu ni tabu. Piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima badala ya kusukuma kwa vidole, na ufuate ukingo wenye nyasi au mahali palipokanyagwa na watu wengi. Kwa jumla weka saa mbili na nusu mpaka chini ya kilima. Ukiondoka ofisini saa moja asubuhi, saa tatu na nusu unaanza kupanda.

Mto wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, unavukwa kama uwanja. Wakati wa mvua ni jambo lingine. Maji yanaweza kushuka ghafla hata kama mlipo hakujanyesha tone, kwa sababu mvua imenyesha juu vilimani. Mkiona maji yamekuwa mekundu, yanabeba vijiti na majani, msivuke, hata kama yanafika kwenye kifundo cha mguu tu. Maji hayo yanaongezeka. Kaeni upande mliopo. Mito hii hujaa haraka, na kupungua hupungua haraka vilevile, mara nyingi ndani ya saa chache. Dereva anayesema gari lake ni la magurudumu manne na litapita tu, mwache apite peke yake.

Mpando

Mpando ni mkali, nusu saa kwa mtu mwenye pumzi, dakika arobaini na tano kwa familia. Tatizo ni majani makavu juu ya kokoto: yanateleza kuliko tope. Ingiza upande wa kiatu kwenye mteremko, na ushike shina la mti lililo hai, maana kijiti kikavu kitakatika na wewe.

Usitie mkono kwenye ufa wa jiwe usioona ndani yake. Pimbi wanaishi humo, na penye pimbi nyoka hayuko mbali. Piga fimbo chini kabla ya kuketi.

Nyuki hukaa kwenye nyufa za miamba. Mmoja au wawili wakikuzunguka, nyamaza, usipunge mikono, rudi nyuma taratibu. Wakianza kushambulia, funika uso kwa nguo, kimbia uteremke mbali nao, usisimame kuangalia nyuma. Mwiba wa nyuki utoe upesi, kwa ukucha au kwa vidole. Kinachosaidia ni haraka, si namna ya kuutoa. Mwenye mzio wa nyuki asipande bila dawa yake.

Kuangalia

Hapa ndipo haraka inapoharibu siku. Michoro iko kwenye kuta za mabamba makubwa ya mwamba yaliyoinama mbele kama baraza, mabamba yaliyopasuliwa na mivunjiko ya Bonde la Ufa. Ukifika, keti kivulini dakika kumi, kunywa maji, acha macho yapoe. Kisha simama kama mita tatu kutoka ukutani na uanze upande mmoja kuelekea mwingine, polepole. Umbo la kwanza ndilo gumu. Ukishalipata moja, yanayolizunguka yanajitokeza yenyewe. Kwa hiyo kama njia inaruhusu, mwombe mwongozaji aanzie B2 na B3, michoro mingine ya Kolo, B1 iwe ya mwisho, macho yakiwa yameshajifunza.

Tafuta rangi nyekundu kwanza: mistari myembamba, wanyama kama twiga, tembo na pofu, na watu warefu wembamba kama fito, wengine na vichwa vikubwa vya duara au nywele zilizosukwa kwa namna za ajabu. Kolo ina mchoro mashuhuri wa watu watano, mmoja katikati akishikwa mikono na wawili kila upande. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, aliona kwamba anatekwa. Wengine wanaona ngoma. Amua mwenyewe. Michoro hii myekundu huhusishwa na wawindaji, watu walio karibu na Wasandawe na Wahadzabe wa leo.

Juu yake, mara nyingi ikiifunika, kuna rangi nyeupe nzito iliyopakwa kwa kidole: miduara, vidoti, wanyama wanene. Hiyo ni ya baadaye, ya wakulima. Nyeupe ikikatiza juu ya nyekundu, nyekundu ni ya kwanza. Kanuni hiyo ndogo itakusaidia kusoma ukuta mzima. Usichanganye rangi nyeupe na michirizi ya mkojo wa pimbi: mkojo hutiririka wima kutoka kwenye ufa, mchoro haufuati mteremko wa maji.

Kuhusu umri, UNESCO inataja angalau miaka 2,000, na mjadala wa kama mingine ni ya kale zaidi haujafungwa. Usimbane mwongozaji akupe mwaka.

Jua likipiga ukuta moja kwa moja, nyekundu inapotea. Hapo ndipo mwavuli unafanya kazi: mwenzako aushike utie kivuli kwenye sehemu unayoitazama, rangi itarudi. Ukipiga picha zima mwanga wa simu, kwa sababu unarudi kama doa jeupe. Piga kivulini, kisha nyumbani ongeza ukali wa rangi kwenye simu; nyekundu zisizoonekana kwa macho zitajitokeza.

Kuna watu wanaomwaga maji ukutani ili mchoro ung'ae kwenye picha. Maji yanayeyusha chumvi za mwamba, yakikauka chumvi inabaki juu kama utando mweupe, na utando huo hautoki. Jasho na mafuta ya vidole nayo yanaharibu polepole. Chaki, mkaa, moto chini ya mwamba: hapana. Na ukiona mashimo yamechimbwa chini ya kuta, jua yamechimbwa na watu wanaotafuta hazina ya Wajerumani. Ni kweli Wajerumani walipigana Kondoa mwaka 1916, lakini wachimbaji hao wanachofukua ni udongo wenye mabaki ya kale, na tabaka zikishavurugwa hakuna mtaalamu atakayeweza kuzisoma. Ukiwakuta, usibishane nao kilimani. Toa taarifa ofisini.

Kurudi

Anzeni kushuka kabla ya saa saba. Mnaposhuka magoti yanalalamika na watu huteguka, hivyo pitieni upande upande, fimbo ikitangulia. Ushauri wetu kwa asiye mwanariadha: tembea asubuhi, rudi kwa bodaboda. Patana bei na dereva wake asubuhi ukiwa Kolo, mkubaliane saa na mahali pa kukutana chini ya kilima, na umlipe mkifika. Kumpigia simu ukiwa kilimani ni bahati nasibu, mtandao unakuja na kupotea.

Ukiwa na siku ya pili

Usijaribu kubana Fenga, Thawi na Pahi, maeneo mengine ya michoro, kwenye siku ya Mungomi. Ziko pande tofauti na kila moja inataka gari au pikipiki nzuri. Kama ni kuchagua moja, chagua Fenga: iko kaskazini ya Kolo, magharibi mwa barabara kuu ileile, inayoendelea hadi Arusha, na kutoka gari linapoishia mnatembea mwendo mfupi wa vilima kufikia mchoro wa tembo anayeonekana kunaswa mtegoni. Thawi inafikika kwa gari lililoinuka juu tu, na mwezi wowote wa mvua iondoe kwenye mpango. Kwa zote mnapitia kwanza ofisi ya Kolo, kwa hiyo mwambie mwongozaji jioni ya siku ya kwanza, ili asichukuliwe na wageni wengine.