Namna ya Kuomba Kibali cha Kuuza Hisa za Kampuni ya Redio: Mwongozo kwa Wanahisa wa Tanga

Mwongozo huu unawahusu wanahisa wa redio ndogo za mkoa wa Tanga waliopata mnunuzi, ambaye mara nyingi ni kampuni kubwa ya Dar es Salaam yenye stesheni nyingine, na wanaotaka kukamilisha mauzo kwa kufuata sheria. Nimeifuata njia hiyo hivi karibuni nikiwa katibu wa kampuni iliyouza sehemu kubwa ya hisa zake. Fomu zenyewe si ngumu. Kinachogharimu ni mpangilio wa hatua, kwa kuwa kila ofisi hudai karatasi inayotolewa na ofisi nyingine.

Kwanza eleweni kinachouzwa. Leseni ya maudhui na leseni ya masafa hutolewa kwa jina la kampuni, kwa hiyo njia ya kawaida ni kuuza hisa za kampuni hiyo na kuiacha kampuni iendelee kuwa mwenye leseni. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake za leseni, umiliki haubadiliki mpaka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iridhie kwanza kwa maandishi. Watanzania wanapaswa kubaki na asilimia 51 ya hisa au zaidi katika kampuni yenye leseni ya maudhui, na mnunuzi akiwa kampuni, ulizeni mapema wanaoimiliki kampuni hiyo ni akina nani hasa.

Hatua inayokula muda kuliko zote huanza kwenye daftari la wanahisa. Redio nyingi za huku zilianzishwa na marafiki au ndugu waliochanga, na baadhi yao wamekwisha fariki huku majina yao yakiwa bado yamo BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni. Mjane au mtoto wa marehemu hawezi kutia saini hati ya uhamisho wa hisa kwa sababu tu familia nzima inamtambua. Ni lazima pawepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Anzeni na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi, kisha fungueni shauri la mirathi mahakamani, ambako tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Baada ya uteuzi, ndipo msimamizi anapoweza kuziuza hisa hizo kwa niaba ya warithi.

Kwetu sisi mauzo yote yalisimama kwa miezi kwa ajili ya hisa chache za mwanzilishi mmoja aliyefariki zamani. Katika ofisi moja afisa alituambia kwamba nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na wakili ingetosha. Mwenzake katika ofisi hiyohiyo akairudisha, akitaka yenye muhuri wa mahakama, na kwa mtu mzima aliyetoka Pangani kwa basi hilo si usumbufu mdogo. Ombeni mahakamani nakala kadhaa zenye muhuri siku ileile barua inapotolewa. Linganisheni pia kila jina na lilivyo katika kitambulisho cha NIDA, kwa kuwa Mohamedi wa katiba ya kampuni na Muhammad wa NIDA ni watu wawili machoni pa mfumo, na tofauti hiyo huhitaji kiapo cha majina. Taarifa za mwaka ambazo hazijawasilishwa BRELA nazo zimalizwe sasa pamoja na faini zake.

Daftari likishakaa sawa, someni katiba ya kampuni kuhusu haki ya wanahisa waliopo kupewa nafasi ya kwanza ya kununua, kisha andaeni mkataba wa mauzo wenye masharti, yaani mkataba unaosema wazi kwamba hisa hazihami wala uongozi haubadiliki mpaka idhini zote zipatikane. Mnunuzi asiruhusiwe kuleta meneja wake wala kubadili jina la stesheni kabla ya hapo.

Ni katika mkataba huu pia ambapo wanahisa wana uwezo wa kuwalinda wasikilizaji, na nawasihi msiuache uwezo huo. Mkisha kutia saini, mwenye hisa nyingi ataamua peke yake kama taarifa ya habari itasomwa Tanga au itaunganishwa kutoka Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, wavuvi wa Sahare na Kigombe walihitaji mtangazaji aliyeko hapa, anayelijua diko na anayefahamu nahodha gani bado yuko baharini. Yaliyotokea kwingine yanaonya: nchini Marekani sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa ukomo wa kitaifa wa idadi ya stesheni za redio ambazo kampuni moja ingeweza kumiliki, na kampuni ya Clear Channel ikafikisha zaidi ya stesheni 1,200. Januari 2002 treni iliyobeba amonia ilipinduka katika mji wa Minot, North Dakota, ambako kampuni hiyo ilimiliki stesheni zote sita za kibiashara, na polisi walihangaika kumpata mtu wa kutangaza hatari. Kampuni ilijitetea kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mfumo wa tahadhari, na hoja hiyo ina uzito, lakini wakazi walibaki bila taarifa usiku ule. Kwa hiyo andikeni saa za vipindi vya hapa kila siku, zamu ya mtangazaji usiku, matangazo ya vifo na ya dharura, pamoja na muda ambao masharti hayo yatadumu na fidia yakivunjwa. Ahadi ya mdomo katika kikao cha chai haina nguvu yoyote.

Maombi kwa TCRA hupitia mfumo wake wa Tanzanite. Barua ioneshe mgawanyo wa hisa kabla na baada ya mauzo, ikiambatana na azimio la bodi, mkataba, nyaraka za usajili za mnunuzi na vitambulisho vya wamiliki wake. Ada za leseni zinazodaiwa zilipwe kwanza. Madeni ya mirabaha ya muziki na michango ya NSSF nayo yaorodheshwe kwenye mkataba, kwa kuwa kampuni ni ileile na madeni yake hayaondoki na muuzaji. Mikataba ya wafanyakazi nayo huendelea, kwa hiyo msikubali waandikishwe upya kana kwamba wameajiriwa leo.

Msidhani kwamba Tume ya Ushindani haiwahusu kwa kuwa redio yenu ni ndogo. Kiwango cha shilingi bilioni 3.5 kinachotaka Tume ipewe taarifa ya muungano wa kampuni hupimwa kwa mali au mauzo ya pande zote mbili kwa pamoja, na kampuni kubwa inayonunua inaweza kukifikia peke yake. Tume ikiamua kuchunguza, mauzo husimama siku 90, na zinaweza kuongezwa 30.

Kwa upande wa TRA, muuzaji mkazi hulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata kwenye hisa, na hati ya uhamisho hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Lipo jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kampuni yenyewe huhesabiwa kuwa imeuza mali zake kwa bei ya soko, na hutozwa kodi kwa msingi huo. Mkataba utaje nani atalibeba deni hilo, maana wanahisa wachache mnaobaki mtaumia pamoja na mnunuzi.

Mkishapata idhini ya TCRA na uthibitisho wa kodi, pandisheni hati ya uhamisho kwenye mfumo wa BRELA, badilisheni wakurugenzi na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika hasa na hisa, lipieni kwa kumbukumbu namba, kisha pelekeni nakala ya taarifa mpya za wanahisa TCRA. Fedha za ununuzi zilizoshikiliwa na wakili ziachiliwe kwa wauzaji baada ya nakala hiyo kugongwa muhuri wa kupokelewa.