Mashua ya tanga ya mtumba: kagua hivi kabla ya kulipa

Rangi mpya isikuvutie. Mara nyingi ndiyo inayoficha mbao iliyooza, kwa hiyo ukienda Dunga au Usenge, kando ya Ziwa Victoria, kutafuta mashua, beba bisibisi, nyundo ndogo, uzi mrefu na ndoo. Theluthi ya pesa zako iache nyumbani kwa matengenezo.

Anza ndani, chini kabisa. Ziwa Victoria ni maji yasiyo na chumvi, hivyo halina wadudu wa baharini wanaotoboa vyombo kule Mombasa. Kinachoua mashua za huku ni maji ya mvua yanayotuama kati ya mataruma, yaani mbavu za mashua, na mbao za ubavuni. Chomeka bisibisi kila taruma linapokutana na mkuku, yaani boriti ndefu ya chini kabisa, na pale mlingoti unaposimama. Ikizama milimita 5 bila nguvu, hapo pameoza. Taruma moja au mawili fundi atabadilisha. Mkuku ukioza, ondoka hata ukipewa bure. Kisha vuta uzi chini ya mkuku, toka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Ukiona mwanya katikati, mashua imevunjika mgongo.

Kuvuja kunataka subira. Mashua iliyokaa mchangani wiki kadhaa lazima ivuje, maana mbao zimesinyaa. Muuzaji atasema "itajifunga yenyewe", na huenda ni kweli. Iache majini siku tatu, toa maji yote, kisha rudi baada ya saa 12 uhesabu ndoo. Ikiwa bado inajaa, chunguza kama ni kalafati, yaani kizibo cha kati ya mbao, au misumari. Kalafati ni pamba na kazi ya fundi, si gharama ya kutisha. Lakini michirizi ya kutu chini ya kila msumari ni habari nyingine: kupigilia upya chombo kizima kunaweza kupita bei uliyonunulia.

Tanga la turubai huliwa na jua. Livute kwa vidole kando ya mshono. Uzi ukikatika, punguza bei, ushonewe jingine. Mlingoti wenye ufa wa kwenda juu hautishi sana. Ufa wa kukata upande ni wa kukataa.

Lijaribu tanga alasiri, upepo unapotoka ziwani. Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, ina kina kifupi na gugumaji tele, basi chagua usukani unaong'oka haraka.

Mwisho, uliza ofisi ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo huo, kama muuzaji ndiye mwenye chombo, na ulipe mbele ya mashahidi, kwa maandishi.