Foo Wili ya Pikapu ya Zamani Isiposhika: Anzia Magurudumuni

Pikapu nyingi za zamani zinazotumika Pemba, ziwe zinateremsha karafuu kutoka mashambani au zinapandisha samaki kutoka dikoni, hupoteza foo wili, yaani uwezo wa magurudumu yote manne kuvuta, kwa sababu ya chumvi, maji na grisi iliyoganda. Hata hivyo, mwenye gari mara nyingi huambiwa kwamba gia boksi imekufa, na kinachofunguliwa ni kile kilichokuwa kizima. Mwongozo huu unaanzia kwenye magurudumu ya mbele na kuingia ndani kidogo kidogo, na gia boksi inaguswa mwisho. Unahusu magari ambayo dereva mwenyewe ndiye anayeunganisha miguu ya mbele anapoihitaji, kama zilivyo Toyota Hilux na Mitsubishi L200 nyingi za miaka ya 1980 na 1990.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya habu

Tazama katikati ya gurudumu la mbele, ilipo habu, yaani kitovu kinachounganisha gurudumu na shafti (fimbo inayolizungusha). Ukiona kitufe cha kuzungusha chenye maandishi FREE na LOCK, habu zako hufungwa kwa mkono, na ni lazima zote mbili ziwe kwenye LOCK kabla ya kuingiza H4, yaani gia ya foo wili. Usiiamini taa ya dashibodi peke yake, kwa sababu katika magari haya huwashwa na swichi iliyopo kwenye gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Taa inaweza kuwaka huku magurudumu ya mbele hayavuti chochote. Pasipo na kitufe, gari lina habu zinazojifunga zenyewe au lina kifaa cha kuunganisha kwenye difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili), ambacho mara nyingi huendeshwa kwa mvuto wa hewa.

Hatua ya pili: jaribio la jeki

Hili ndilo jaribio lenye faida kuliko yote, na halihitaji vifaa zaidi ya jeki, magogo na stendi. Egesha gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo mbele na nyuma yake, kisha inua ekseli ya mbele mpaka miguu yote miwili iwe hewani, na uiegemeze juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, ingiza H4 na ujaribu kuzungusha propela ya mbele (fimbo ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi ndogo hadi difu) kwa mkono. Kwa kuwa magurudumu ya nyuma yako chini na yamezuiwa, propela inapaswa kukataa, isipokuwa mchezo mdogo tu. Ikizunguka bila kizuizi, gia boksi ndogo haijashika, au fimbo zinazounganisha mkono wa gia na gia boksi zimelegea. Anza na fimbo.

Propela ikikataa, funga habu zote mbili na uzungushe gurudumu moja. La upande wa pili linapaswa kuzunguka kinyume chake. Lisipozunguka, kuna upande ambao haujaunganishwa. Kama gari lako lina shafti zinazoonekana, tazama ile iliyo upande unaouzungusha: ikienda pamoja na gurudumu, habu ya upande huo ni nzima na kosa liko ndani zaidi, kwenye difu au upande wa pili. Kwenye Hilux yenye ekseli nzima shafti haionekani, hivyo itakubidi ufungue habu zote mbili.

Hatua ya tatu: kusafisha habu

Weka kitufe kwenye FREE, fungua bolti za kifuniko na ukitoe taratibu. Grisi yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia, na kwa gari linaloshuka ufukweni maji hayo ni ya chumvi. Osha vyuma kwa dizeli, vikaushe, kagua meno na springi, kisha paka grisi kidogo tu. Wengi hujaza grisi wakidhani wanaihifadhi habu, kumbe grisi nyingi huzuia chuma cha ndani kisiteleze na kushika meno. Badilisha gasketi, na urudishe kifuniko kitufe kikiwa bado kwenye FREE.

Hatua ya nne: mipira ya hewa na waya

Gari lisilo na kitufe, lenye kifaa cha mvuto wa hewa, lichunguzwe hapa. Washa injini, chomoa mpira unaoingia kwenye kiwambo (kile kifaa cha mvuto wa hewa) karibu na difu ya mbele, mtu mwingine aingize H4, nawe uzibe tundu la mpira kwa kidole. Ikiwa hakuna mvuto, fuata mpira huo kurudi nyuma, kwani mipira ya zamani hupasuka kwenye maungio. Kagua pia vali za umeme na waya wa athi. Kutu ya kijani kwenye soketi huondolewa kwa msasa laini.

Hatua ya tano: foo wili inayoshika lakini haitoki

Mfumo huu hauna difu ya kati, kwa hiyo kwenye lami propela mbili hukazana kila unapokata kona, na mkono wa gia hukwama. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, na mara nyingi utaachia. Ukikwama kila mara, pima tairi: weka alama ya chaki, sukuma gari mpaka gurudumu limalize mzunguko mmoja, kisha linganisha umbali wa mbele na wa nyuma. Tairi zisizolingana, ambazo ni jambo la kawaida kwetu, huleta mkazo huo hata gari likienda moja kwa moja.

Hatua ya sita: oili, kisha gia boksi

Fungua nati ya kujazia ya difu ya mbele. Oili nyeupe ina maji, na njia yake mara nyingi ni kipumulio kilichoziba au mpira wake uliochomoka. Mlio wa kugongagonga unapokata kona ukiwa kwenye H4 unaashiria jointi za shafti za mbele. Ni pale tu haya yote yakiwa salama, na gia bado inaruka yenyewe kutoka H4, ndipo gia boksi ndogo ishushwe. Ukinunua habu iliyotumika, nenda na ya zamani mkononi uhesabu meno ya ndani kabla ya kulipa.