Somo: Mapaja, makwapa na chuchu kuchubuka ukikimbia (soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mkuu, nimekimbia kilomita kumi, mapaja yanawaka moto, nifanyeje?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kwanza chanzo. Ngozi ikisuguana na ngozi, au na kitambaa, mara maelfu, tabaka lake la juu hukwanguka. Jasho huongeza ubaya kwa njia mbili: linailowesha ngozi hadi inalegea, na likikauka linaacha chumvi inayosugua kama msasa. Ndiyo maana siku ya mvua na siku ya joto kali zote zinaumiza. Na tuache kusema haya ni matatizo ya wanene. Nimekimbia na watu wembamba kama ufito, fulana zao zina damu kifuani.

Hatua ya 1. Acha pamba. Inanyonya jasho na kulishikilia. Vaa poliesta au nailoni ya michezo, chupi na soksi pia.

Hatua ya 2. Kagua nguo. Igeuze ndani nje, pitisha kidole kwenye mishono. Unaokukwaruza kidole utakuchuna kwapa. Lebo kata. Kwa mapaja, vaa taiti inayofika katikati ya paja na isiyopanda ukikimbia, maana ikijikunja juu inasugua kuliko ngozi tupu.

Hatua ya 3. Usinyoe kinena wala kwapa asubuhi ya kukimbia. Nyoa siku mbili tatu kabla.

Hatua ya 4. Plasta za chuchu kwanza, mafuta baadaye. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Kwenye nusu marathoni yangu ya kwanza nilijipaka vaselini kifua kizima, kisha kwa mikono ileile nikabandika plasta. Gundi haishiki kwenye mafuta. Kilomita ya saba plasta moja ikadondoka ndani ya fulana, nyingine ikabaki inaning'inia upande mmoja, na ule ukingo wake mgumu ukawa unanikwangua kila hatua. Zilibaki kilomita 14. Nilimaliza na michirizi miwili ya damu mpaka tumboni, na maji ya kuoga yaliponigusa nililia kwa sauti. Kwa hiyo: ngozi iwe safi, kavu, haijaguswa na mafuta ya aina yoyote, hata losheni ya asubuhi. Kama una nywele pale, ziwe zimenyolewa mapema. Sehemu laini ya plasta ndiyo ikae juu ya chuchu, si gundi. Bonyeza kwa kiganja nusu dakika. Ndipo ushike kopo la mafuta, na usipake karibu na kingo za plasta. Kuitoa, subiri ilowe bafuni, uivute polepole. Ukiona ngozi imevimba au kuwasha pale gundi ilipokaa, plasta hiyo haikufai. Tumia vaselini peke yake.

Hatua ya 5. Paka vaselini, na usiwe bahili: ndani ya mapaja, kinena, kati ya makalio, makwapa, kiunoni kwenye lastiki, na mstari wa sidiria. Vijiti vya nta vya wakimbiaji navyo vinafaa na havichafui nguo sana. Ukizidi saa moja na nusu njiani, beba kidogo upake tena kabla hapajaanza kuuma. Poda hapana: ikikutana na jasho jingi inagandamana na kuwa chembechembe zinazokwaruza.

Hatua ya 6. Ukimaliza, vua nguo zilizolowa papo hapo. Stori baadaye.

Hatua ya 7. Umeshachubuka? Oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, bila dodoki. Kausha kwa kugusisha taulo, usifute. Paka vaselini tabaka jepesi, au krimu ya zinki, ile ya watoto wenye vipele vya nepi. Panapoguswa na nguo, funika kwa bandeji isiyonata kwenye kidonda. Pamba kavu usiweke, itagandia na kung'oa ngozi mpya siku ya pili. Vaa nguo pana. Usikimbie mpaka uweze kupagusa bila kuuma. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukiona usaha, uvimbe, joto linalosambaa au homa, nenda kwa daktari. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo.

Maswali

MguuMwepesi: Somo zuri mkuu. Naweza kutumia poda ya mtoto badala ya mafuta?

Jibu: Hatua ya 5, sentensi ya mwisho.

Kasi Mpya: Mbona mimi kila nikichubuka napaka spiriti na napona? Mnatutisha bure.

Jibu: Sijamtisha mtu. Spiriti inaua vijidudu, lakini inaunguza pia chembe changa za ngozi zinazojaribu kuziba kidonda. Unapona kwa sababu mwili wako ni mzima, na unapona kwa kuchelewa. Maji na sabuni vinatosha.

Binti wa Alfajiri: Shikamoo kaka. Mimi nachubuka palepale kila mara, chini ya sidiria, katikati ya kifua. Nimepaka vaselini kama ulivyosema lakini baada ya saa moja hali ni ileile. Nimenunua namba kubwa zaidi ikazidi kuwa mbaya.

Jibu: Marahaba dada. Umeeleza vizuri, na hiyo namba kubwa ndiyo imenipa jibu. Mkanda wa chini ukilegea, unacheza juu na chini kila hatua, na mafuta hayawezi kushinda msuguano huo. Inua mikono yote juu: mkanda ukipanda, umelegea. Ingiza vidole viwili chini yake: visipoingia, unabana mno. Angalia pia umri wake, maana lastiki iliyochoka inalegea katikati ya mazoezi hata kama asubuhi ilikaa vizuri. Na isuuze vizuri kila baada ya kukimbia, chumvi ya jana isikusubiri kwenye mshono.

Njia Ndefu: Mkuu, nitajuaje kama ni michubuko au ni fangasi? Nina weusi kwenye kinena, wiki ya tatu sasa, na nimepumzika.

Jibu: Swali hili nililitamani. Michubuko inawaka, inatokea siku ileile uliyokimbia, na ukipumzika siku chache inapungua. Fangasi inawasha, ina ukingo ulioinuka kidogo wenye magamba huku katikati pakiwa na nafuu, na inaenea hata usipokimbia. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Angalia rangi iliyokolea, gusa joto, tazama ukingo. Wiki tatu za kupumzika bila nafuu si michubuko ya kawaida, mwone daktari au mfamasia. Fangasi ya kinena mara nyingi hutibika kwa krimu kama ya klotrimazoli. Jihadhari na krimu za mchanganyiko zenye steroidi: zinatuliza muwasho, unadhani umepona, kumbe fangasi inaenea chini kwa chini na ngozi inakonda. Chunguza pia vidole vya miguu. Kama fangasi iko huko, vaa soksi kabla ya chupi, usije ukaiburuta mpaka kinenani.

Njia Ndefu: Duh, vidoleni ipo. Asante sana, leo naanza na soksi.

MguuMwepesi: Na vaselini inatokaje kwenye taiti?

Jibu: Pakaa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo penye doa, subiri robo saa, kisha fua kawaida. Dawa ya kulainisha nguo usitumie kwenye poliesta. Inaacha utando na kitambaa hakitoi tena jasho vizuri.

Mzee wa Milima: Niongeze moja. Kubeba vaselini njiani, kata kipande cha mrija wa plastiki urefu wa kidole, jaza, ziba ncha zote mbili kwa moto. Kinakaa kwenye mfuko wa kaptula. Ukihitaji, unakata ncha moja kwa meno.

Jibu: Hii sikuijua, mzee wangu. Nimekuwa nikibeba kikopo kinachogonga paja njia nzima. Unaziba kwa kiberiti?

Mzee wa Milima: Kiberiti, halafu unabana kwa koleo ikiwa bado laini. Lakini futa kwanza mafuta kwenye ncha, la sivyo haishikani. Ni kama plasta yako.